Tarehe za Jacinta

Mtaani kwetu Kibokoni, siku ya harusi ilitajwa na Bi Zakiya. Posa ikishajibiwa na mahari ikishakubaliwa, ami na wajomba walinyamaza wakangoja, kwa sababu Ijumaa yenyewe ya nikaha haikutoka kwao. Ilitoka kwa somo wa bibi harusi, yule mwanamke mzima anayemfunda na kumtayarisha, na somo wa nusu ya wasichana wa mtaa ule alikuwa Bi Zakiya. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo, na mlango wake ulitazamana na wetu. Humchukua msichana chumbani, humkalisha kitandani, humuuliza swali moja. Akijibiwa, huhesabu kwa vidole, hutoka, hutaja Ijumaa.

Swali hilo lilinifikia mimi mwezi wa Novemba, mwaka wa tisini na tano.

"Haya, Mwanabaraka, mwanangu," alisema, akikaa kitanda kikalia. "Siku zako huingia tarehe ngapi?"

Ni swali la haki. Fungate ni siku saba, na hakuna somo anayetaka kumkabidhi bibi harusi kwa mumewe kisha amwambie bwana avumilie wiki nzima. Mtu hutazama kwanza, hupanga, ndipo kadi zichapishwe.

Tabu ni kwamba mimi sikuwa na tarehe. Mwaka ule mzima siku zangu zilikuwa zimekuja mara tatu. Zilikuja Machi. Zilikuja tena Juni, zikakaa siku kumi na moja, mgeni asiye na haya. Mwisho wa Agosti zikapita mbio, na tangu hapo kimya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kiuno kilikuwa kimenenepa na wala sikula kuwashinda wenzangu, chunusi za darasa la nane zilikuwa hazijaniaga, na kila Jumapili asubuhi nilijifungia chooni na kibano nikang'oa nywele za kidevuni. Zilipoanza zilikuwa nne. Kufikia Novemba nilikuwa nimeacha kuzihesabu.

Ningesema sijui. Neno fupi, halichoshi ulimi. Lakini Bi Zakiya alikuwa amenikazia macho, nyuma ya pazia Mama alikuwa amesimamisha cherehani yake apate kusikia vizuri, na sebuleni ami zangu walikuwa wamefika kikombe cha tatu cha kahawa. Mdomo wangu ukaamua peke yake.

"Tarehe tano."

Tarehe tano zilikuwa za Jacinta. Jacinta alikaa meza ya pili kutoka yangu, katika ofisi ya kutolea mizigo kule Mbaraki, na kila tarehe tano alifika kazini na chupa ya maji ya moto, akailaza tumboni, akatangaza kwamba leo asisogelewe na kiumbe. Musyoka wa mafaili alizizungushia tarehe hizo duara jekundu kwenye kalenda ya ukutani, ili ajue siku za kutomwomba kitu. Zilikuwa tarehe nzuri, za kutegemewa. Nikazichukua.

Bi Zakiya akakunja vidole. Ramadhani ingeanza mwisho wa Januari, Idd ingekuwa baada ya katikati ya Februari. "Mwezi wa tatu, tarehe tano zaingia, tarehe kumi na moja zishakatika, kumi na mbili waoga, u safi." Akasimama, akatoka kwenda sebuleni. "Ijumaa ya tarehe kumi na tano, Machi!" Ami zangu wakasema Alhamdulillahi, wakaomba kahawa ya nne.

Ndivyo Mzamil Badawi, mchumba wangu, alivyopangiwa harusi kwa siku za Jacinta, msichana wa Wundanyi.

Mzamil nilimtaka, na hilo lieleweke mapema. Alikuwa fundi wa mafriji. Nilimjua siku aliyokuja ofisini Mbaraki kutengeneza friji yetu, nikamkuta amepiga magoti mbele yake akiiuliza kwa upole, "Wataabika wapi?" Nikajiambia, mtu anayezungumza hivi na friji, atazungumza vipi na mke? Akaleta posa baada ya miezi saba. Mamake alifurahi hata akaanza kunitajia majina ya wajukuu, sita, wanne wa kiume, akiyapanga kwa mfuatano wa kuzaliwa.

Ramadhani ikaingia. Mimi nilikuwa nimechukua likizo yangu yote, nimewekwa ndani kama desturi, sitoki isipokuwa kuvuka kichochoro kwenda kwa Bi Zakiya. Na jikoni kwa Bi Zakiya, Ramadhani, palikuwa na siri ya wanawake wa mtaa mzima. Mwanamke aliye kwenye siku zake hafungi, lakini nani atakula mchana mbele ya kaka zake na mashemeji? Basi Bi Zakiya alipika sufuria moja ya adhuhuri, na wale wasiofunga waliingia mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma, wakala, wakapangusa midomo, wakarudi makwao na nyuso za saumu. Hakuna aliyeulizwa kitu. Lakini Bi Zakiya alimjua kila mmoja na wiki yake.

Tarehe tano Februari akanipakulia sahani. Sikwenda. Tarehe sita akanipakulia, na kipande cha samaki juu. Tarehe saba vilevile. Mimi nilikuwa nyumbani, nimefunga kama kawaida, tangu siku ya kwanza sijakosa hata moja, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mimi ni mtu wa tarehe tano. Mtu mwongo asisahau alichokisema. Mimi nilisahau.

Tarehe nane, baada ya Asri, nilikuwa jikoni nakunja sambusa. Bi Zakiya akaingia bila hodi, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo wake wote.

"Sahani zako tatu nimewapa paka," alisema.

"Sahani gani, Bi Zakiya?"

"Usinifanyie mimi sahani gani. Leo tarehe nane. Wafunga?"

"Nafunga."

"Na siku zako?"

Nikaiona hesabu yake usoni mwake, wazi kabisa, na niliiogopa kabla hajaitamka.

"Ama wafunga nawe una damu," akasema polepole, "na hilo ni dhambi, nawe si mjinga wa dini. Ama huna damu, na hilo..." Akatazama tumbo langu lililojaa. Macho yake yakajaa maji. "Mwanabaraka. Harusi iko wiki tano mbele. Mlishindwa kungoja?"

"Wallahi sivyo!"

"Usiape na mikono ina nyama."

"Bi Zakiya, sijaguswa na mtu. Mzamil hata kidole changu hajakishika. Siku hazikuja kwa sababu haziji! Hazijaja tangu Agosti!"

"Agosti?" Akahesabu. "Na ile tarehe tano uliyonipa?"

Nikainamisha kichwa. "Si yangu."

"Tarehe huwaje si ya mtu?"

"Ni ya Jacinta."

"Jacinta ni nani?"

"Wa ofisini. Mtaita. Zake huja vizuri."

Bi Zakiya akakaa juu ya gunia la mchele. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, amejiziba mdomo kwa leso ili saumu yake isipungue heshima.

"Basi Mzamil amuoe huyo Jacinta," akasema akipangusa macho. "Tarehe kumi na tano atakuwa safi, mashallah."

Kicheko kikakatika ghafla. Akanishika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza upande wa dirisha. Zilikuwa siku nne tangu Jumapili, na vishina vilikuwa vimeanza kutoka. Alivipapasa.

"Mamako ajua?"

"Adhani siku zangu zaja, najificha tu kwa haya."

"Daktari ajua?"

"Sijaenda."

"Idd ikipita twenda," akasema. "Nami ntakuwa pale. Usije ukampa tarehe za mtu mwingine."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na niliumia hivyo hivyo.

Huenda tungekwenda hata kabla ya Idd, lakini Jacinta, niliyempigia simu ofisini nikamwambia kila kitu (alicheka pia, kisha akaniita mwizi), alituelekeza kwa daktari wake, Caroline Tsofa, mwenye kliniki Tudor. Akatuonya kwamba kwa picha ya tumbo mtu hunywa maji mengi kwanza, kibofu kijae, ndipo kuonekane. Bi Zakiya alikataa saumu ivunjwe kwa ajili ya kupigwa picha. Kwa hivyo nilimaliza siku zangu thelathini, watu wakanisifu kwa ukamilifu, na kila sifa ikanichoma.

Jumamosi baada ya Idd tukakaa kwenye benchi la kliniki. Nilikuwa nimekunywa gilasi saba. Daktari Tsofa alikuwa mwanamke wa Kigiriama, mwembamba, miwani imemshuka puani, anayeandika bila kutazama karatasi. Kitu cha kwanza alichoniuliza:

"Siku zako huingia lini?"

"Swali zuri," akasema Bi Zakiya. "Nami nilimuuliza. Usimwamini jibu la kwanza."

Daktari akatutazama sote wawili, akavua miwani. Nikamwambia ukweli: mara tatu kwa mwaka. Nikamwambia kidevu, chunusi, kiuno. Akanipima mkojo kwanza, akasema sina mimba, na Bi Zakiya akasema Alhamdulillahi kwa sauti iliyofika benchi la nje. Kisha akataka kujua nala nini.

Hapo Bi Zakiya akanipokonya jibu, maana mwezi mzima alikuwa amenilisha yeye. Bibi harusi lazima ajae. Akataja kaimati za shira, mkate wa sinia, mahamri kwa mbaazi asubuhi, wali mara mbili kutwa, faluda, na kikombe cha maziwa ya sukari kabla ya kulala. Alitaja kwa fahari, kituo baada ya kituo. Mimi nilikuwa nimebana miguu, gilasi saba zinabisha hodi.

"Na kutembea?"

"Hatembei. Yuko ndani. Ni bibi harusi!"

"Daktari," nikasema, "kama hiyo picha haipigwi sasa hivi, kitanda chako kitaelea."

Nikalala. Akanipaka kitu baridi tumboni, akatelezesha kidude chake, na kwenye kioo pakatokea mvua ya kijivu. Bi Zakiya alisogeza uso hata miwani ya daktari ikagongwa.

"Hii ni ovari yako," alisema Daktari Tsofa. "Waona hivi vitone vyeusi pembeni, vimejipanga? Kila mwezi ovari huanza kulea mayai kadhaa. Moja hukomaa, hutoka, mengine huacha. Kwako yanaanza mengi na hakuna linalomaliza. Yanabaki vijifuko. Yai lisipotoka, mwili haupati amri ya kuleta damu, nao unangoja, miezi."

"Ni hasidi?" akauliza Bi Zakiya. "Au ni baridi imemuingia?"

"Si hasidi, si baridi, wala si kosa lake. Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo. Zake zimezidi, ndizo zinazootesha nywele kidevuni. Na ile insulini inayoshughulikia sukari mwilini, mwili wake hauisikii vizuri, basi unatengeneza nyingi, nayo inazidi kuzichokoza ovari. Hapo ndipo zinapoingia kaimati zako, Mama, na maziwa yako ya sukari. Mnaziongezea kuni."

Bi Zakiya alijishika kifua.

"Ntapona?" nikauliza.

"Hauponi kama malaria, umeze uishe. Unatunzwa. Sukari ipunguzwe, wali nusu ya ule mnaoupakua, samaki na mboga ziongezeke. Utembee kila siku nusu saa, mwendo wa mtu aliyechelewa. Ukipungua hata kilo nne tano, huenda siku zikarudi zenyewe. Na kila mwaka nikupime sukari."

"Na watoto?"

Alizima mashine ndipo akajibu, na nilimshukuru kwa kunitazama machoni. "Wengi huzaa. Wengine hukawia, wengine huhitaji dawa ya kuliamsha yai. Siwezi kukuapia, na yeyote atakayekuapia anakudanganya."

Aliniandikia vidonge vya siku kumi. Nikivimaliza, siku mbili mpaka saba baadaye damu itakuja. Haifai ikae miezi bila kutoka, alisema, kuta za mji wa mimba hunenepa. Na kwa kuwa imekaa muda mrefu, huenda ikachukua wiki nzima au zaidi kukatika.

Vidole vya Bi Zakiya vilikuwa vimekwisha anza kazi. "Akianza kesho, vyaisha tarehe tano. Damu yaja baina ya saba na kumi na mbili. Wiki nzima..." Akafika kwenye kidole cha mwisho, akakikazia macho. "Yaangukia juu ya harusi! Daktari, dawa hii haingoji?"

"Wiki tatu hazitamdhuru," alisema daktari. "Lakini hata asipomeza, damu inaweza kuja yenyewe siku yoyote. Mimi natibu mwili, Mama, sipangi harusi."

"Nami napanga harusi, sina dawa. Tusaidiane."

Njia nzima Bi Zakiya aliniwekea mpango wake, na ulikuwa mpango mzuri, hilo ndilo lililonitisha. Vidonge vikae sandukuni. Tangu Agosti sijaona kitu, wiki tatu zaidi ni nini? Niolewe tarehe kumi na tano, fungate ipite, kisha nimeze kimyakimya. Mzamil hatajua. Mama mkwe hatajua. Mtoto akichelewa, watu watasema riziki ya Mungu, kama wasemavyo kwa kila mtu.

"Na Mzamil atakuwa amemuoa nani?" nikauliza.

"Wewe!"

"Mimi ambaye hanijui."

"Mwanamke gani ajulikana na mumewe kabla ya harusi? Ungojee. Akikupenda vizuri, mwaka wa pili, mwambie."

Asubuhi ya Jumapili alikuja kutazama kama nimekunywa chai bila sukari. Nilikuwa nimeitayarisha, na kidonge cha kwanza kiko kiganjani. Nilitaka akione. Nikakiweka ulimini, nikanywa chai juu yake. Ilikuwa chungu, chai, na nikamaliza kikombe.

"Kimekwenda," nikasema. "Sasa Ijumaa ya kumi na tano haiwezekani. Itabidi harusi isogee, na itabidi Mzamil aambiwe kwa nini. Nami ntamwambia kwa mdomo wangu."

"Huwezi kumwona! Umewekwa ndani!"

"Basi ntatafuta njia."

"Jeuri," alisema Bi Zakiya. "Jeuri kubwa, na kidevu kama cha nahodha." Akaondoka, akabamiza mlango.

Kesho yake alfajiri mlango ule ule ukagongwa. Bi Zakiya alikuwa amevaa raba za mwanawe chini ya buibui. Daktari alisema nitembee, alisema, na mchana bibi harusi haonekani njiani, kwa hivyo tutakwenda kabla watu hawajaamka. Tukateremka Ngomeni, tukashika barabara ya Mama Ngina, pale ambapo jioni hapapitiki kwa wauza mihogo na watu wao, na sasa palikuwa petu na kunguru. Mimi nilikwenda mwendo wa mtu aliyechelewa. Bi Zakiya alinifuata akihema, akinipa mafunzo ya ndoa kwa vipande, "Mume... ngoja... mume humpi chakula... simama, msichana wewe!... humpi chakula kabla hajaoga." Hakunisamehe kwa siku tatu. Lakini hakukosa hata asubuhi moja.

Njia ya kumpata Mzamil ilinijia siku ya nne. Nilikuwa nimefungua friji yetu kutoa maji, nikatazama kile kibonye cha kuongeza baridi, kimewekwa nambari nne. Nikakirudisha sufuri.

Asubuhi Mama alipiga ukelele. Barafu ilikuwa imeyeyuka sakafuni, maziwa yamekatika, na nyama ya wageni wa kutoka Lamu imeanza kunuka. "Friji! Na harusi hii hapa!"

"Si tuna fundi?" nikasema.

Bi Zakiya, aliyekuwa mlangoni na raba zake, akanitazama. Akaitazama friji. Hakusema kitu, na ndipo nilipojua kwamba amenisamehe.

Mzamil alikuja baada ya Asri na kisanduku chake cha vyombo. Mimi niliketi nyuma ya pazia la chumba cha kando. Bi Zakiya aliweka kigoda chake katikati, kati ya pazia na friji, akakaa kama afisa wa mpaka. Mama akaondolewa akatafute ndimu.

Nilisikia mlango wa friji ukifunguliwa. Kisha sauti yake: "Friji hii haina ugonjwa. Imezimwa."

"Nimeizima mimi," nikasema.

Kitu cha chuma kikaanguka sakafuni. "Mwanabaraka? Ungeniandikia barua."

"Barua ingepitia kwa Bi Zakiya."

"Ingepitia," alisema Bi Zakiya.

Nikamwambia. Nilikuwa nimejifunza maneno mazuri ya kumwambia na yote yalinipotea, basi nikasema ovyo ovyo, ovari kwanza, kisha Jacinta, kisha nikarudi nyuma kueleza tarehe tano. Nikamwambia mpaka kidevu. Hilo la kidevu ndilo lililokuwa zito kuliko yote, sijui kwa nini, nikalisema nimefumba macho ingawa pazia lilikuwapo.

"Ngoja," akasema Mzamil. "Gesi ipo?"

"Gesi gani?"

"Nataka nielewe. Hayo mayai yapo?"

"Yapo. Mengi kupita kiasi."

"Na mashine ni nzima. Ila kile kidude cha kuamrisha, washa, zima, ndicho kisichosikilizana na wenzake."

"Mimi si friji, Mzamil."

"Najua. Friji ningeifungua." Akakohoa. "Samahani, Bi Zakiya."

"Endelea," alisema Bi Zakiya kwa ukali.

"Ugonjwa huu unaua?"

"Hauui. Wala hauishi. Hutunzwa. Ntakuwa nala nusu sahani, natembea, nameza dawa, napimwa. Kila mwaka, maisha. Na watoto..." Nikasogea karibu na pazia. "Watoto huenda wakaja upesi, huenda wakakawia, huenda tukahitaji daktari. Hakuniapia, nami sikuapii. Nimekwambia leo ili ukitaka kurudi nyuma urudi ukiwa bado kijana asiye na mke. Sitakulaumu."

Nilidanganya hapo. Ningemlaumu mpaka kufa.

Nilisikia maji ya barafu yakidondoka kwenye sinia.

"Mama amekwisha taja majina sita," akasema Mzamil hatimaye.

"Amenitajia. Wanne wa kiume."

"Ntamwambia mimi. Si wewe, wala si Bi Zakiya. Ntamwambia aanze na jina moja, na hilo pia alitaje polepole." Nikasikia akivuta pumzi. "Nami nina swali. Wewe bado wanitaka? Maana ninavyojua, watu huzima friji wakiwa wanahama."

"Nimeizima uje!"

"Basi nimekuja," akasema. Kibonye kikalia, ta, ta, ta, ta, nambari nne, na friji ikaanza kunguruma.

Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na leso yangu ilikuwa imebaki jikoni, upande wake. Bi Zakiya alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanipitishia yake chini ya pazia.

"Sasa tarehe," akasema. "Isogee wiki moja. Ishirini na mbili."

"Kwa nini?" akauliza Mzamil.

Nikamweleza na hilo, wazi, vidonge na hesabu. Nadhani alikuwa mwanamume wa kwanza wa Kibokoni kuelezwa.

"Kadi zimekwisha chapishwa," alisema, sauti imekuwa nyembamba. "Baba ataniuliza sababu. Nimwambie nini?"

"Mwambie ni mambo ya wanawake," alisema Bi Zakiya. "Na ami zake Mwanabaraka ntawaambia nimehesabu vibaya. Watafurahi mwaka mzima."

Mzamil akakusanya vyombo vyake. Lakini hakuondoka. Alisimama upande wa pili wa kigoda, niliona vidole vya miguu yake chini ya pazia, viko ndani ya makubadhi, vinahangaika.

"Huko kutembea," akasema, "mwatoka saa ngapi?"

"Haikuhusu," alisema Bi Zakiya. "Bibi harusi haonekani."

"Sitamwona. Ntakuwa nyuma."

"Nyuma kiasi gani?"

"Utakavyo."

Bi Zakiya akafikiri. "Hatua mia. Na usikohoe."

Asubuhi yake tuliposhika Mama Ngina, kulikuwa bado kijivu, na upepo unapiga mabuibui. Bi Zakiya aligeuka kila baada ya nguzo tatu za taa kumpima. Alikuwa hapo, mbali, mikono nyuma, akienda mwendo wa mtu aliyechelewa.

"Hatua sitini hizo!" Bi Zakiya alipiga kelele. "Rudi!"

Mzamil akarudi nyuma hatua kadhaa, akangoja. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza.